Dk. Richard Kandt: Mpima maji aliyeuawa na hewa

WASAFIRI wanaoshuka kwenye mabasi pale Nyabugogo, wawe wametoka Kampala, Goma au Rusumo, huwa na haraka. Kuna mizigo ya kuhesabu, kuna pikipiki ya kukodi, kuna jamaa anayesubiri Nyamirambo. Ni wachache wanaoinua macho kukitazama kilima cha Nyarugenge kilicho juu yao, na wachache zaidi wanaojua kwamba huko juu ipo nyumba moja kuukuu iliyokuwa makao ya mtu aliyeuanzisha mji huu.

Mtu huyo ni Dk. Richard Kandt, Mjerumani, daktari wa magonjwa ya akili, msafiri na mwandishi, aliyefariki dunia mwaka 1918. Wengi wetu tuliorudi nchini baada ya mwaka 1994, tuliolelewa Mbarara, Tabora, Bujumbura au Masisi, tulikuja tukidhani Kigali ni mji uliojengwa na Wabelgiji. Sivyo. Wabelgiji waliukuta.

Leo tunamkumbuka Kandt kwa jambo ambalo halitajwi sana. Kabla ya kuwa mtawala alikuwa mtu wa vipimo. Alitembea miguu mitupu ya viatu vilivyokwisha soli kuitafuta chemchemi ya mto Nile, akilinganisha maji ya kijito kimoja na kingine. Na mwisho wa maisha yake, kwa maelezo ya waandishi wengi wa habari zake, haukuletwa na mkuki wala simba bali na hewa aliyoivuta. Mji wake wa leo, wenye watu 1,745,555 kwa hesabu ya mwaka 2022, unahangaika na mambo hayo hayo mawili: maji yanayopita chini yake na hewa iliyo juu yake.

Mtoto wa Posen

Kandt alizaliwa tarehe 17 Desemba 1867 katika mji wa Posen, ambao wakati huo ulikuwa chini ya Prussia na sasa unaitwa Poznań, nchini Poland. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa Kantorowicz. Alipokuwa kijana alibadili dini akawa Mprotestanti, na mwaka 1894 akabadili na jina. Katika Ujerumani ya siku zile, Myahudi aliyetaka cheo serikalini au jeshini alikuta milango mingi imefungwa, hivyo wengi walifanya kama yeye.

Alisomea udaktari, kisha akafanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Bayreuth. Ilikuwa kazi ya heshima lakini haikumtosha. Huko nje watu walikuwa wakizungumza habari za Afrika. Oscar Baumann, msafiri wa Austria, alikuwa amepita Burundi mwaka 1892 na kutangaza kwamba chemchemi ya Nile ni mto Ruvubu. Miaka miwili baadaye Count von Götzen aliikata Rwanda kutoka mashariki hadi magharibi, akaliona Ziwa Kivu. Kandt aliyasoma hayo yote, na hakuridhika na jibu la Baumann.

Msomaji anaweza kuuliza, kwa nini mtu aache kazi yake akatafute mahali mto unapoanzia? Kwa wenyeji wa Nyungwe lilikuwa swali la kuchekesha, maana mto wao waliujua na majina yake yote. Lakini Ulaya swali hilo lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 2,000.

Njia ya Tabora

Mwaka 1897 Kandt alianza safari kutoka pwani, akafuata njia ya zamani ya misafara hadi Tabora. Wapagazi ndio walioibeba safari hiyo, kwa maana halisi ya neno. Lugha ya njia ilikuwa Kiswahili, kama ilivyo leo kwa dereva wa lori anayetoka Dar es Salaam.

Wasafiri wa aina yake walichukua dira, saa nzuri, barometa na kipimajoto cha kuchemshia maji. Hicho cha mwisho kinastahili maelezo kidogo. Kadiri unavyopanda juu, ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Pwani yanachemka kwa nyuzijoto 100, lakini hapa Kigali ni kama 95 tu. Hivyo mtu aliyekuwa na kipimajoto na sufuria aliweza kujua yuko juu kiasi gani bila kuuliza mtu. Mama yeyote aliyehama kutoka Bagamoyo kuja Kigali analijua jambo hilo bila kipimajoto: maharage ya huku hayaivi upesi.

Katikati ya mwaka 1898 Kandt alifika katika ikulu ya Rwanda. Nchi ilikuwa bado haijatulia baada ya mapinduzi ya Rucunshu ya mwaka 1896, ambayo yalimweka madarakani Mwami Yuhi Musinga akiwa kijana mdogo. Wenye nguvu hasa walikuwa mama yake, Kanjogera, na mjomba wake Kabare. Wakubwa hao hawakuwa wajinga. Hawakutaka mgeni mweupe amtazame mwami wao, basi wakamvika mtu mwingine, Mpamarugamba, mavazi ya kifalme na kumweka mbele ya mgeni. Mwaka mmoja kabla, Kapteni Ramsay wa jeshi la Wajerumani alichezewa mchezo huo huo. Ni baadaye Kandt alipong'amua kwamba aliyemsujudia kwa zawadi hakuwa Musinga.

Mto upi ni mkubwa?

Tuje sasa kwenye kazi yake hasa. Madereva na wafanyabiashara wanaopita mpaka wa Rusumo wanayajua yale maporomoko chini ya daraja. Hatua chache juu ya maporomoko hayo mito miwili hukutana: Ruvubu unaotoka Burundi na Akagera unaotoka Rwanda. Baumann alikuwa amesema wa Burundi ndio mama wa Nile. Kandt alilinganisha mito hiyo akaona kwamba wa Rwanda ndio wenye maji mengi zaidi. Akaufuata huo.

Kutoka hapo kanuni yake ilikuwa moja, na ilikuwa rahisi kuitaja kuliko kuitenda. Kila mito miwili inapokutana, simama. Linganisha. Fuata ule mkubwa. Ukifika makutano mengine, fanya tena. Akagera ukampeleka hadi Nyabarongo. Nyabarongo ukampandisha hadi pale Mwogo na Mbirurume inapoungana. Mwogo ukampeleka kwenye Rukarara, na Rukarara ukamwingiza katika msitu wa Nyungwe, penye baridi, utelezi na mianzi. Mwezi Agosti 1898 alifika mahali ambapo mto ule mkubwa wa Rusumo ulikuwa umebaki kuwa maji ya kuchuruzika kwenye majani. Akasema hapa ndipo.

Ubishi haukuisha. Mwaka 1937 Burkhart Waldecker, Mjerumani mwingine, alionyesha chemchemi ya Rutovu, Burundi, ambayo iko kusini zaidi kuliko zote, na piramidi ndogo ikajengwa mahali hapo. Machi 2006 msafara wa watu wa Uingereza na New Zealand ulioupanda Nile kwa boti ndogo kutoka Misri uliishia tena Nyungwe. Tuwaachie wao.

Sisi tunaoishi chini ya mto tunapaswa kuitazama njia yake, si jibu lake. Nyabarongo unaopita leo kando ya Mlima Kigali una rangi ya chai ya maziwa. Udongo huo unatoka kwenye mashamba ya miteremkoni na machimbo ya madini, na unasafiri hadi Ziwa Victoria. Maji ya kunywa ya wakazi wengi wa jiji husafishwa Nzove, kando ya mto huo huo, na kila kilo ya tope inayoingia mtamboni ni gharama ya kuitoa. Swali la nani anauchafua mto halijibiwi kwa kusimama darajani na kulaumu. Linajibiwa kama Kandt alivyojibu lake: unapanda na mto, unasimama kwenye kila makutano, unapima upande huu na upande ule, unafuata ule wenye tope zaidi, mpaka unafika kwenye shimo au shamba linalohusika.

Vyombo vya kazi hiyo si vya ajabu. Kimoja kilikuwapo hata kabla Kandt hajazaliwa. Mwaka 1865 padri Mjesuiti wa Italia, Angelo Secchi, alishusha sahani nyeupe baharini kwa kamba na kuandika urefu wa kamba pale sahani ilipopotea machoni. Sahani ya Secchi bado inatumika maziwani duniani kote, na fundi bati wa Gakinjiro anaweza kuikata kwa dakika chache. Kwenye mto wenye kasi hutumika kifaa kinachopitisha mwanga ndani ya chupa ya maji na kupima mwanga unaotawanywa na chembe za udongo. Chini ya stendi ya Nyabugogo, kijito cha Mpazi kinachoteremka kutoka upande wa Nyamirambo na Kimisagara huingia katika mto Nyabugogo. Chukua chupa moja ya maji juu ya makutano na nyingine chini yake, zipime oksijeni na vijidudu vya kinyesi, nawe utajua Mpazi umeongeza nini. Tangu mwaka 2020 kazi ya kufuatilia mito ya nchi iko mikononi mwa Bodi ya Rasilimali za Maji ya Rwanda.

Ziwa Kivu na kima wa dhahabu

Baada ya Nyungwe, Kandt hakurudi kwao. Alijenga kituo chake Shangi, kusini mwa Ziwa Kivu, na kwa miaka kadhaa alilizunguka ziwa hilo na kulichora. Hakujua kwamba chini yake, katika maji mazito yasiyochanganyika na yale ya juu, kumelala gesi ya methane ipatayo kilomita za ujazo 60 na kaboni dioksidi mara tano ya hiyo. Leo ziwa hupimwa kwa vyombo vinavyoshushwa kwa kamba hadi kina cha mamia ya mita, maana kulitibua kungekuwa hatari kwa watu wa Goma, Rubavu, Bukavu na Rusizi kwa pamoja. Tangu mwaka 2016 mtambo wa KivuWatt huko Karongi unavuta gesi hiyo kutengeneza umeme.

Alikusanya pia wanyama, ndege na mimea kwa ajili ya makumbusho ya Berlin. Kima mmoja wa rangi ya dhahabu anayeishi kwenye volkano alipewa jina lake mwaka 1905, na wataalamu wanamwita hivyo hadi leo, Cercopithecus kandti.

Kima huyo yuko pia Gishwati. Msitu huo ulikuwa na hekta kama 28,000 katika miaka ya 1970. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilibaki kama 600. Kwanza mifugo na mashamba makubwa, kisha watu waliokuwa wakirudi bila ardhi na waliokimbia vita wakapata pa kuweka nyumba. Hapa tusijifanye hatujui, maana baadhi ya wasomaji wetu walikuwamo. Njaa haingoji mpango wa upandaji miti. Lakini mteremko usio na mizizi hauna subira pia, na mto Sebeya unaoshuka kutoka huko ulijaza tope hadi mlangoni mwa Rubavu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua ilinyesha magharibi na kaskazini mwa nchi, na zaidi ya watu 130 wakapoteza maisha kwa mafuriko na maporomoko ya udongo, wengi wakiwa katika bonde hilo na wilaya za jirani. Sehemu ya msitu imerudishwa na sasa ni hifadhi ya taifa pamoja na Mukura.

Rezidenti wa Kigali

Kandt alirudi Ujerumani kwa muda na mwaka 1904 akatoa kitabu chake, Caput Nili, yaani kichwa cha Nile. Kilisomwa sana. Serikali ikaona kwamba hakuna Mjerumani mwingine anayeijua Rwanda kama yeye, na mwaka 1907 ikamteua kuwa Rezidenti, mwakilishi wake wa kwanza wa kiraia nchini.

Hakukaa Nyanza, kwenye ikulu. Alichagua kilima cha Nyarugenge, karibu katikati ya nchi, mahali njia za misafara zilipokutana. Huo ndio mwanzo wa Kigali, na ndiyo maana jiji lilisherehekea miaka 100 mwaka 2007.

Wafanyabiashara wa mipakani wana sababu yao ya kumkumbuka. Kandt aliufanya mji huu kuwa soko kabla haujawa kitu kingine chochote. Wahindi, Waarabu na Waswahili wa pwani walifungua maduka, na ngozi za ng'ombe zikawa bidhaa kubwa ya kuuza nje. Zilipelekwa Bukoba kwa vichwa vya wapagazi, zikavuka ziwa kwa meli, zikapanda treni ya Uganda iliyokuwa imefika ziwani mwaka 1901, hadi Mombasa. Njia hiyo ilikuwa nafuu kuliko kutembea hadi pwani ya Wajerumani. Kwa hiyo ubishi wa Mombasa na Dar es Salaam, ambao wenye malori wanaubishania hadi leo, ulianza wakati wa Kandt. Wajerumani walianza reli kutoka Tabora kuelekea Rwanda ili kuvuta biashara upande wao. Vita ikaikatiza.

Na mipaka yenyewe ni ya wakati wake. Mikataba ya mwaka 1910 kati ya Ujerumani, Uingereza na Ubelgiji ndiyo iliyoipeleka Bufumbira Uganda na kisiwa cha Idjwi Kongo. Mpaka wa Cyanika unaouvuka na magunia ya viazi haukuwapo Kandt alipofika.

Tusimpambe kupita kiasi. Alikuwa mtu wa dola la kikoloni, na alitawala kwa kumwimarisha Musinga dhidi ya wakubwa wa kaskazini wasiotaka kumtii. Mwaka 1912, yeye akiwa likizo, kaimu wake Luteni Gudowius alikwenda kaskazini kuuzima uasi wa Ndungutse kwa bunduki na moto, vijiji vikateketea. Aliyechora ramani na aliyechoma nyumba walikuwa watumishi wa serikali moja.

Hewa yenye sumu

Mwishoni mwa mwaka 1913 Kandt aliondoka Kigali kwenda likizo. Aliiacha kazi mikononi mwa Kapteni Max Wintgens. Agosti 1914 vita kuu ikaanza na bahari ikafungwa. Hakuiona tena nyumba yake. Mei 1916 Wabelgiji waliingia Kigali.

Yeye alivaa sare na kuhudumu kama daktari wa jeshi kwenye uwanja wa mashariki, dhidi ya Warusi. Huko ndiko waandishi wa maisha yake wanakosema alivuta gesi ya sumu.

Gesi ya klorini ilitumiwa kwa wingi na Wajerumani kwa mara ya kwanza Aprili 1915 huko Ypres, Ubelgiji, na mwezi uliofuata ikafunguliwa upande wa mashariki pia. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hutambaa na kuzama ndani ya mahandaki walimojificha askari. Inachoma mapafu hadi yanajaa maji, na mtu anazama akiwa nchi kavu. Msimamizi wa kazi hiyo alikuwa mwanakemia Fritz Haber. Haber alizaliwa Breslau mwaka 1868, mwaka mmoja tu baada ya Kandt, katika familia ya Kiyahudi, naye akabadili dini akiwa kijana kama Kandt. Wangeweza kuketi darasa moja.

Katika mahandaki yale kifaa cha kwanza cha kupimia hewa kilikuwa pua, na kengele ya kuwaamsha wenzako. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walikuwa na kitu bora kidogo: ndege mdogo wa manjano aitwaye kanari, aliyeanguka kwenye kizimba chake kabla binadamu hajahisi lolote. Waliendelea kumtumia hadi mwaka 1986. Lakini pua ilishindwa gesi iliyofuata klorini. Fosjini ilinuka kidogo tu, kama majani makavu, na aliyeivuta aliweza kula chakula chake cha jioni akijiona mzima, kisha akafa kesho yake.

Kandt alifariki tarehe 29 Aprili 1918 katika hospitali ya jeshi mjini Nuremberg, akiwa na umri wa miaka 50.

Mji wake leo

Somo la fosjini halikuishia vitani. Jiko la makaa, imbabura, likiwekwa ndani ya chumba kilichofungwa usiku wa baridi hutoa monoksidi ya kaboni isiyo na rangi wala harufu, na familia nzima haiamki. Msomaji, kama unalala chumba kimoja na jiko, litoe nje usiku huu. Hakuna kifaa kinachohitajika kwa hilo.

Hewa ya barabarani ina tatizo la polepole zaidi. Moshi wa magari ya mitumba, pikipiki, makaa na kuni hutoa chembe zenye upana wa chini ya maikromita 2.5, kama sehemu moja ya thelathini ya unywele, ambazo hazikomi kwenye koo bali huingia mapafuni na kwenye damu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishauri wastani wa mwaka usizidi maikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Kigali huzidi kiwango hicho mara kadhaa. Wanaosema jiji hili ni safi kwa sababu hakuna karatasi mitaroni wanasema kweli, ila kweli nusu.

Vifaa vya kupima chembe hizo sasa ni vidogo kama redio ya mfukoni. Feni huvuta hewa ndani, mwali wa mwanga huipiga, na kila chembe inayopita humeta na kuhesabiwa. Huko Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere kilianza mradi wa AirQo mwaka 2015, na baadhi ya vifaa vyake vikafungwa kwenye bodaboda ili vipime jiji huku vikitafuta abiria. Hapa kwetu Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira (REMA) inaendesha vituo vya kupima na kuonyesha hadharani vinachosoma. Kwenye Mlima Mugogo, kaskazini, kiko kituo kikubwa kilichoanzishwa kwa ushirikiano na chuo cha MIT cha Marekani. Vipimo vyake vya mwaka 2015 hadi 2017 vilionyesha kwamba masizi huongezeka sana wakati wa kiangazi, na sehemu kubwa huletwa na upepo kutoka mioto ya mbuga na mashamba nje ya nchi. Desemba hadi Februari hutoka kaskazini, Juni hadi Agosti kusini. Moshi hauonyeshi kitambulisho pale Gatuna.

Mizigo, kwa upande mwingine, inafunguliwa. Sheria ya mwaka 2008 ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na ya mwaka 2019 ikaongeza vyombo vya plastiki vinavyotumika mara moja na kutupwa. Amashashi, au kavera kama wasemavyo Uganda, yamemgharimu mfanyabiashara mdogo faini na bidhaa, na malalamiko ya mama anayefunga nyanya zake kwenye karatasi inayolowa si ya kupuuzwa. Hata hivyo mitaro ya Nyabugogo ya kabla ya sheria na ya baada yake haifanani, na hilo halihitaji sahani ya Secchi kuliona. Kwa upande wa hewa kuna sheria ya mwaka 2016, siku za barabara kufungwa kwa magari zilizoanza mwaka huo huo, na pikipiki za umeme zilizoanza kubeba abiria mwaka 2019.

Wazee wa Nyarugenge wana kipimo chao. Siku hewa ikiwa safi, hasa asubuhi baada ya mvua kubwa, vilele vya volkano za kaskazini huonekana kutoka vilima vya Kigali. Siku nyingi za Julai havionekani.

Nyumba ya Kandt bado ipo. Ilikuwa makumbusho ya historia ya asili, na tangu Desemba 2017 inaonyesha historia ya mji na ya utawala wa Wajerumani, ikiitwa kwa jina lake. Habari za mazingira zina makumbusho yake Karongi, kando ya ziwa alilolichora. Kutoka Nyabugogo hadi kwenye nyumba hiyo ni safari fupi ya pikipiki.